Halmashauri ya Walei si ofisi ya makusanyo

Kikao cha Halmashauri ya Walei, chombo cha waamini wasio mapadre wala watawa, kiliitwa saa nane mchana, kikaanza saa tisa na robo, na kwa parokia yetu huko kulikuwa ni kuwahi. Ukumbi wa mafundisho, viti vya plastiki, feni moja inayokwaruza, katoni mbili za maji chini ya meza kuu. Katekista akatuongoza kumwita Roho Mtakatifu, tukaketi. Nikasoma muhtasari wa kikao kilichopita, ukathibitishwa. Yatokanayo yakapita mbio. Kisha nikasimama kubandika ukutani karatasi ya manila niliyoikesha usiku wa kuamkia siku hiyo: jumuiya 34, yaani vikundi vya kaya jirani zinazosali pamoja, kila moja na lengo lake la mchango wa ujenzi, ilichokusanya, na asilimia. Iliyoongoza iko juu, iliyoshika mkia iko chini. Msimamo wa ligi kabisa.

Mwenyekiti wa jumuiya iliyoshika mkia alikuwa mzee wa rika la baba yangu. Alisimama, akavua kofia.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

"Baba Paroko, mwenyekiti, wajumbe. Jumuiya yangu ina kaya 19. Nne ni za wajane. Mwezi huu tumezika mara mbili, na tuna mgonjwa amelazwa wiki ya tatu sasa, zamu za kumpelekea uji tunashika sisi wenyewe."

Mhazini akamkatiza kwa upole: "Mzee wetu, hayo tutayapata kwenye mengineyo. Hapa tunaomba utufafanulie asilimia." Watu wakacheka, wala si kwa ubaya. Mzee akaketi. Tulipofika kwenye mengineyo ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo, paroko anasubiriwa kigangoni, kwenye kanisa dogo lililo chini ya parokia, tukafunga kwa sala.

Katibu nilikuwa mimi. Jedwali lile nililibuni mimi, na nilijivunia.

Ugomvi wa parokia ukishafika mtaani, hukumu huwa ni moja kati ya mbili. Walei watakwambia paroko anaamua kila kitu, sisi ni mapambo. Nyumba ya mapadre itakwambia walei wanataka kumpangia paroko kazi. Pande zote mbili zinagombania kura. Baada ya kuketi kwenye meza ile muhula mzima wa miaka mitatu, naona kura ndiyo tatizo dogo kuliko yote. Halmashauri zetu zimedhoofika kwa sababu kazi yao imebadilishwa kimyakimya, bila azimio la mtu yeyote: chombo kilichowekwa kumshauri mchungaji juu ya hali ya kundi kimegeuka kuwa chombo cha kukusanya fedha kutoka kwenye kundi. Na mkusanyaji ni mshauri mbovu, kwa kuwa habari anazoleta mezani ni za kile tu anachokihesabu.

Twende kwenye sheria kidogo, maana inatajwa na wengi na imesomwa na wachache. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa uliotangazwa na Papa Yohane Paulo II Januari 1983 una kanuni mbili zilizopangwa moja baada ya nyingine. Ya 536 inahusu halmashauri ya kichungaji ya parokia. Iundwe pale askofu wa jimbo anapoona inafaa, baada ya kulisikiliza baraza lake la mapadre. Paroko ndiye anayeiongoza. Kura ya halmashauri hiyo ni ya ushauri tu. Ya 537 inahusu halmashauri ya fedha, na hapo sauti ya sheria inabadilika ghafla. Hakuna "anapoona inafaa". Kila parokia iwe nayo, waamini wamsaidie paroko kusimamia mali ya parokia, ingawa mwenye kuiwakilisha parokia kisheria anabaki kuwa paroko, kwa kanuni ya 532. Yaani Kanisa hili hili tunalolisema halitaki walei waguse fedha ndilo lililoamuru kwamba pasiwe na parokia ambayo padre anakaa na hesabu peke yake. Ongeza kanuni ya 1287, inayowataka wasimamizi wa mali wawape waamini hesabu ya vile walivyovitoa, kwa taratibu za sheria ya mahali husika.

Sasa nenda parokia yoyote uliyoizoea uulize kamati ya fedha ni akina nani. Aghalabu utaonyeshwa watu wanaomwaga kapu mezani baada ya Misa ya pili, wakapanga noti kwa noti na sarafu kwa sarafu, wakasaini karatasi na kwenda zao. Kazi nzuri, tena ya uaminifu. Ila kuhesabu kapu si kusimamia fedha. Kusimamia ni kuiona bajeti kabla mwaka haujaanza, kudai profoma tatu kabla fundi hajapewa malipo ya awali, na kuuliza baada ya miezi sita kwa nini lililopangwa halikufanyika.

Mwaka wangu wa pili tulijua tofauti hiyo kwa njia mbaya. Bajeti iliyosomwa kanisani ilisema mabati ya geji 28. Yaliyoshushwa kwenye lori yalikuwa geji 30, membamba zaidi. Fundi alijua, mlinzi alijua, na kufikia jioni jumuiya zote 34 zilijua. Hakuna aliyeuliza kikaoni, kwa sababu kumuuliza padre swali la namna hiyo mbele za watu ni utovu wa adabu. Tukaulizana kwenye makundi ya WhatsApp, ambako adabu ni nafuu. Miezi minane baadaye ndipo ilipobainika kwamba pampu ya kisima cha kigango ilikuwa imeungua, na tofauti ya bei ndiyo iliyoitengeneza. Sababu nzuri kabisa. Tungeulizwa, tungepitisha kwa makofi. Lakini katika miezi ile minane michango ya ujenzi ilishuka, na baadhi ya waliojitoa hawajarudi hadi leo. Hata shilingi moja haikuibwa. Kilichokosekana ni karatasi moja yenye mistari mitatu na sahihi mbili.

Kuna kizunguzungu kingine ambacho ni cha kwetu hasa. Chombo cha kanuni ya 536 kinaongozwa na paroko. Sisi Tanzania tuna Halmashauri ya Walei, na mwenyekiti wake ni mlei aliyepanda ngazi kwa kuchaguliwa, kuanzia jumuiya. Katika parokia ninazozijua watu ni wale wale. Wakiketi wenyewe ni halmashauri ya walei. Padre akiingia na kuvuta kiti cha katikati, wameshakuwa kitu kingine, na hakuna aliyetangaza. Mwenyekiti anabaki na cheo na anapoteza kikao. Nimewahi kumwona mwenyekiti wetu, mstaafu wa benki, mtu makini, akiinua mkono kuomba nafasi ya kuzungumza katika kikao alichokiitisha mwenyewe kwa barua yenye sahihi yake.

Tena sikiliza maneno yenyewe: halmashauri, kamati tendaji, mwenyekiti, katibu, mjumbe, yatokanayo, mengineyo. Hii ni lugha ya chama. Maaskofu wa nchi za AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973 wakaelekea kwenye jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na mwaka 1976 wakazifanya kipaumbele, Mtanzania alikuwa ameshaishi miaka kadhaa ndani ya Azimio la Arusha, na balozi wa nyumba kumi alikuwa anamjua kwa jina na kwa hodi yake. Sidai Kanisa liliiga chama. Mizizi ya jumuiya ndogo ndogo iko kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikani, na wenzetu wa Kenya na Uganda wanazo bila kupitia Ujamaa. Ninachosema ni kwamba Mkristo wa hapa alipoitwa kikaoni alishajua kikao kinavyokwenda: maagizo yanashuka, taarifa ya utekelezaji inapanda. Tazama ajenda ya halmashauri yoyote. Utaona mahali pa kupokea taarifa, mahali pa kupokea maelekezo ya jimbo, mahali pa mikakati. Mahali pa kushauri hapapo. Ushauri tumeuweka kwenye mengineyo, saa kumi na mbili kasorobo.

Na fedha ilifikaje kuwa roho ya kikao? Hapa nataka kuwa mwangalifu, maana ni rahisi kuwabeza watu waliojenga makanisa kwa faida ya vitumbua. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, na Wabenediktini walipofika Peramiho mwaka 1898, fedha ilitoka ng'ambo. Padre wa wakati ule hakuwa na haja ya jedwali la asilimia. Wafadhili wake walikuwa Ulaya, na hesabu zake alizitoa huko. Misaada ilipopungua na mapadre wazalendo wakashika parokia, kulitegemeza Kanisa kukawa jambo la lazima na la heshima. Nani angetaka turudi kwenye kuombaomba? Zaka, mavuno, tegemeza jimbo, seminari, nyumba ya mapadre, gari la kwenda vigangoni: haya yote ni yetu sasa, na ni vema yawe yetu.

Ila mabadiliko hayo yalizaa mapatano ambayo hayakuandikwa popote. Paroko anaweka sahihi lakini hawezi kukusanya. Halmashauri inakusanya lakini haiweki sahihi. Kila upande umeushika mwenzake mahali panapouma. Ndiyo maana nacheka kidogo ninaposikia kwamba walei hawana nguvu. Wenyeviti wa jumuiya wakinuna, hakuna paroko atakayeezeka hata choo cha parokia. Hakuna anayekataa, huku kwetu mtu hamkatalii padre. Bahasha zinagawiwa kama kawaida, zinapokelewa kwa mikono miwili, na zinarudi nyepesi. Nimeishuhudia mara mbili. Ni kura nzito kuliko ile ya kunyoosha mikono, ila ina kasoro moja kubwa: haisemi kitu. Padre anajua watu wamechukia, hajui wamechukia nini. Anahisi ni yule mwenyekiti, au ni kabila fulani, au ni wale wanakwaya waliohamishiwa Misa ya kwanza. Anaandika waraka mkali wa zaka usomwe Jumapili tatu mfululizo, na bahasha zinazidi kuwa nyepesi.

Jambo linalonisumbua zaidi kuliko mabati limo kwenye barua ya jumuiya. Anayetaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa, hata kuzika, anatakiwa alete barua kutoka jumuiya yake. Asili ya utaratibu huu ni safi. Parokia ya mjini ina maelfu ya watu, padre hawezi kuwajua, jumuiya inawajua. Barua inasema: huyu ni wa kwetu, tunasali naye. Baadaye kidogo kidogo barua ikaambatana na kadi ya michango. Kisha kadi ikaanza kuangaliwa kabla ya barua. Hakuna askofu aliyewahi kutuagiza hivyo mbele yangu. Tulifika huko wenyewe, kwa sababu kila mwenyekiti wa jumuiya alijua Jumapili ijayo atasimamishwa mbele ya karatasi ya manila, na barua ndiyo silaha pekee aliyokuwa nayo mkononi.

Mama mmoja alikuja ofisini siku ya Jumamosi na mtoto mgongoni, ametumwa na jumuiya yake. Barua ilikuwa na sahihi ya mwenyekiti, na chini yake mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: "anadaiwa ujenzi miezi 7". Nikamwambia akamalizane kwanza na jumuiya. Nilisema vizuri, nilimwita dada, nilimpa kiti. Hakubishana. Akakunja barua mara nne, akaiweka kwenye fundo la kanga, akaondoka. Jina lake nalikumbuka. Sikumwona tena katika kanisa letu, na nimesikia anasali kwingine, kwenye turubai la nabii karibu na stendi.

Kanuni ya 848 inasema mtoaji wa sakramenti asidai kitu zaidi ya matoleo yaliyowekwa na mamlaka halali, na aangalie daima kwamba wahitaji hawakosi msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini. Ya 1184 inawataja wanaoweza kunyimwa mazishi ya Kanisa wasipoonyesha dalili ya toba kabla ya kufa: walioasi imani hadharani, wazushi na wafarakanishi, waliochagua kuchomwa miili yao kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wa wazi ambao kuzikwa kwao kikanisa kungewakwaza waamini. Mdaiwa wa mchango wa ujenzi hayumo. Nilizisoma kanuni hizi baada ya kumaliza muhula, na naona aibu kuliandika hilo, kwa sababu hakuna semina hata moja ya viongozi niliyohudhuria iliyozigusa. Semina zote zilihusu mbinu za kuongeza mapato.

Kuna wanaodhani dawa ni kuwapa walei kura yenye nguvu ya kisheria. Waangalie Waanglikana wa Uingereza. Tangu mwaka 1921 halmashauri ya parokia ya kule ina mamlaka yake kwa sheria iliyopita Bungeni. Ni mtu kisheria, inamiliki fedha, na padre ni mwenyekiti wake huku makamu akiwa mlei anayechaguliwa. Hesabu za mwaka husomwa mbele ya mkutano wa waumini wote. Yote tunayoyatamani wanayo karne nzima sasa. Na bado muulize mjumbe wa halmashauri ya kijiji cha kule wanatumia jioni zao kujadili nini: paa linalovuja, na fungu wanalotakiwa kupeleka jimboni. Kura wanayo, na fedha imekula kikao vilevile.

Kwa hiyo ile hati ya mwisho ya Sinodi, mkutano wa maaskofu na wajumbe wengine wa Kanisa, iliyopitishwa Roma Oktoba 2024 naipokea kwa nusu ya furaha. Imesisitiza kwamba vyombo vya ushirikishwaji, halmashauri za parokia zikiwemo, viwe vya lazima. Imetaka pia msemo wa "kura ya ushauri tu" uangaliwe upya ili uondokane na utata, ikieleza kwamba mwenye mamlaka hawezi kuupuuza mwelekeo uliotokana na mang'amuzi ya pamoja kana kwamba haupo. Vizuri. Lakini kwetu halmashauri zipo tayari, zimejaa, zina mihuri. Ukizifanya za lazima bila kugusa ajenda, utakuwa umeifanya karatasi ya manila kuwa ya lazima.

Ningeanza na mpangilio wa kikao, jambo dogo lisilohitaji ruhusa ya Roma wala ya jimbo. Taarifa ya kwanza iwe ya watu: nani amelazwa, nani amefiwa, kaya ngapi zimehamia, watoto wangapi wameacha mafundisho na kwa nini. Fedha ije baadaye, na ije pande zote mbili, makusanyo na matumizi katika karatasi moja, iliyogawiwa wajumbe siku chache kabla, wasiione kwa mara ya kwanza ikiwa imeshikwa na mhazini. Muhtasari uandike pia ushauri ambao paroko hakuufuata, na sababu aliyoitoa. Mapadre wengi wana sababu nzuri kuliko tunavyowadhania, kama ile ya pampu. Hazikai popote, ndiyo maana zinageuka uvumi. Na jumuiya zisipangwe kwa asilimia. Anayetaka kujua nani ametoa nini afungue daftari.

Nilijaribu. Kikao changu cha mwisho nikiwa katibu, ajenda niliichapa mimi, nikaiweka "Hali ya waamini katika jumuiya" namba 3, na "Taarifa ya makusanyo" nikaisukuma hadi namba 7. Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akanitazama juu ya miwani, akasema tuendelee. Namba 3 ilianza saa tisa na nusu. Yule mzee mwenye kaya 19 alizungumza robo saa nzima bila kukatizwa. Baada yake akasimama mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kisha kijana wa VIWAWA, umoja wa vijana Wakatoliki wafanyakazi, ambaye katika miaka mitatu sikuwahi kuisikia sauti yake, akatueleza kuhusu wenzake wanaolala kwenye mageti wanayolinda na ambao Jumapili kwao ni zamu ya mchana. Paroko alichukua kalamu, akawa anaandika kwenye bahasha tupu ya zaka. Saa kumi na mbili ilipofika tulikuwa bado kwenye namba 3. Namba 7 hatukuifikia.

Mwezi uliofuata katibu mpya aliirudisha mahali pake, na karatasi ya manila ikapata fremu.